Mtunga Makosa wa Taifa

Nchi ninayoizungumzia haiko karibu na hapa, na msomaji akiona kitu kinafanana na cha kwao, shida ni ya macho yake. Jina la nchi nimelificha kwa sababu za usalama, yaani usalama wangu. Yatosha kusema kwamba ilikuwa nchi iliyosoma. Kila mtu alikuwa amefanya mtihani wa kitu fulani. Wauza samaki walifanya mtihani wa samaki, wachimba makaburi walifanya mtihani wa makaburi, wa kuandika na wa vitendo, na mtu hakuruhusiwa kuoa kabla ya kupata alama hamsini katika somo la Ndoa, ingawa walimu wengi wa somo hilo walikuwa wameachika.

Mitihani yote ilitungwa na Baraza Kuu la Upimaji. Baraza lilikuwa na kambi ya watunzi, na mimi nilikuwa karani wa kambi. Tulikaa katika kiwanda cha zamani cha viatu nje ya mji. Mtunzi akiingia aliacha simu yake getini ndani ya bahasha, akakaguliwa mpaka soksi, na hakutoka tena mpaka mtihani aliotunga ufanyike, ili asije akauvujisha. Ni utaratibu mzuri, siulaumu. Hata takataka zetu zilichomwa mbele ya askari wawili, mmoja akiangalia moto na mwingine akimwangalia mwenzake.

Mtu ninayetaka kumweleza ni Mwalimu Lusato Kanyenye. Swali la kuchagua, kama mnavyojua, huwa na majibu manne, moja sahihi na matatu ya makosa. Hayo ya makosa sisi huyaita vipotoshi. Watu wa nje hudhani kazi ngumu ni jibu sahihi. Hapana. Jibu sahihi limo kitabuni, mtu yeyote analinakili. Kazi ni kutunga kosa ambalo mtahiniwa asiyejiandaa akiliona moyo unamruka, anasema hili ndilo. Lusato alikuwa fundi wa makosa. Kwa miaka kumi na sita alitunga makosa yapatayo elfu arobaini, na mengine yalimpendeza hadi akayabandika juu ya kitanda chake. Jibu sahihi hakuruhusiwa kulitunga hata siku moja. Hilo lilikuwa na ofisi yake ghorofani, yenye zulia.

Aliingia kambini kwa wiki tatu, kutunga vipotoshi vya mtihani wa darasa la saba. Alimwacha mkewe, Stamili, na mimba ya miezi minane. Wiki tatu zikapita. Mtihani ukaahirishwa kwa kuwa lakiri ya kufungia bahasha ilikuwa ya rangi isiyofaa. Ukaahirishwa tena ili kupisha wiki ya kuzaliwa kwa Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambayo mwaka ule ilikuwa na siku arobaini. Mara ya tatu uliahirishwa kwa sababu haukuvuja. Wizara ilishtuka. Mtihani wetu haujawahi kutovuja, wakasema, lazima kuna hila, na wakaunda tume. Habari hii inapoanza, Lusato alikuwa na mwezi wa tisa ndani.

*

Katika mwezi wake wa pili ilikuja barua ya Stamili. Barua zote zilipitia kwa mkaguzi, na kazi ya mkaguzi ilikuwa kufuta kwa wino mweusi kila kitu ambacho kingeweza kuwa jibu la swali. Tarehe ilifutwa, maana ingeweza kuwa jibu la Historia. Uzito wa mtoto ulifutwa, kwa ajili ya Hisabati. Mahali alipozaliwa palifutwa, kwa ajili ya Jiografia. Barua ilipofika ilisomeka hivi: "Baba watoto, salamu. Nimejifungua mtoto wa kike siku ya" kisha weusi, "na jina lake ni" kisha weusi mrefu kidogo, "na watu wote wanasema amefanana na" weusi tena mpaka mwisho. Neno "kike" aliliacha. Mkaguzi yule alikuwa na roho nzuri.

Lusato aliinyanyua barua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akainusa. Wino wa serikali yetu ulikuwa ndio kitu pekee cha serikali kilichofanya kazi. Akaniambia, "Karani, nina mtoto nisiyemjua jina."

Nikamwambia angoje, ni suala la siku chache. Nilikuwa nikimwambia hivyo kila Jumatatu.

Hakuweza kutulia. Alikuwa mtu wa kuzunguka ua wa kiwanda, asubuhi mara ishirini, alasiri mara ishirini, mikono nyuma, midomo ikicheza. Mwisho alifanya kile ambacho mtu wa kazi yake angefanya. Alichukua chaki akaandika swali ukutani mwa chumba chake: "Mtoto wangu anaitwa nani?" Chini yake akaweka majibu manne. A, Kabula, jina la mama yake. B, Mwamvua, jina la mama mkwe wake. C, Tatu, dada wa Stamili. D, Rozina, mkunga wa mtaani kwao. Kila siku alikaa kitandani akiyapima.

A alilikata kwa mstari mapema. Mama yake, siku ya harusi, alisema mbele ya wageni kwamba bibi harusi ana miguu myembamba, na Stamili aliapa kwamba jina la Kabula halitaitwa ndani ya nyumba yake hata kwa kuku. "Hiki kipotoshi kimekufa," Lusato alinieleza, kwa sauti ya daktari. "Hakiwezi kumvuta mtu yeyote anayemjua mke wangu."

*

Sasa, Mtukufu Mlezi alikuwa ameilea nchi kwa miaka ishirini na sita, na Katiba ilisema kwamba mtu asilee zaidi ya hapo bila wananchi kuulizwa. Ndipo Naibu Waziri wa Elimu na Utiifu, Mheshimiwa Rajabu Tindwa, alipokuja kambini na magari tisa.

Tulipangwa mstari kwenye ukumbi uliokuwa wa kushonea nyayo. Mheshimiwa alipanda juu ya sanduku. "Ndugu watunzi," alisema, "mataifa ambayo hayajasoma huwauliza watu wao ndiyo au hapana. Hayo ni maswali ya chekechea. Taifa letu litaulizwa swali la kuchagua, lenye majibu manne, lililotungwa kitaalamu, kupimwa kitaalamu na kusahihishwa kitaalamu. Dunia itashangaa." Akakohoa, akanywa maji, akaendelea kwa saa moja na nusu juu ya kushangaa kwa dunia.

Kisha akamwita Lusato pembeni, mimi nikiwa nyuma yake na daftari. "Mwalimu, swali hili hapa, na jibu sahihi limeshaletwa kutoka ghorofani. Wewe weka vipotoshi vitatu. Siku ya pili baada ya kura utakuwa kwako. Una familia?"

"Nina mtoto, Mheshimiwa."

"Anaitwa nani?"

Lusato akainamisha kichwa. Mheshimiwa akadhani ni heshima, akampiga bega na kuondoka na magari nane. La tisa lilikataa kuwaka, likabaki kwetu mpaka leo.

Swali lilikuwa hili: "Mtukufu Mlezi, baada ya kulea taifa kwa miaka ishirini na sita, sasa afanye nini?" Na jibu sahihi, lililopigwa mhuri: "A. Aendelee kulea."

*

Nataka ieleweke kwamba Lusato hakuwa na nia mbaya. Wapo waliosema baadaye kwamba alipanga. Mimi nilikuwepo. Alikuwa baba anayetaka kwenda nyumbani, na alijua kwamba njia ya kwenda nyumbani ni swali ambalo hakuna atakayelikosea. Aliketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatunga makosa mabovu kwa makusudi: B, awe twiga. C, ahamie mwezini. D, afanye yote mawili.

Lakini kila swali lazima lipite kwa Jopo la Uhakiki. Jopo lilikuwa na wazee watano, wote wamefungiwa humo humo kambini, na mwenyekiti wao alikuwa Dakta Festo Nang'andu, mtu aliyeijua Miongozo ya Upimaji kama mtu anavyojua njia ya chooni kwake. Jopo likalirudisha swali siku ile ile, na maelezo kwa wino mwekundu.

"Mwalimu Kanyenye," Dakta alisema, miwani puani, "umepatwa na nini? Ni mtahiniwa gani, hata awe mzembe vipi, atachagua twiga?"

"Hatachagua, Dakta. Ndiyo maana nimemweka."

"Mwongozo, kifungu cha kumi na nne, uliosainiwa na Mtukufu Mlezi mwenyewe, unasema kila jibu livute angalau watahiniwa watano katika mia. Lisilofika hapo limekufa na liondolewe. Unataka tulipeleke taifa kwenye chumba cha mtihani na maiti tatu?"

"Dakta, nakuomba. Mheshimiwa Naibu Waziri anataka watu wote wachague A."

"Mheshimiwa anayo haki ya kutaka," Dakta alisema kwa upole. "Mimi ninayo saini."

Lusato akarudi chumbani, akatunga upya kwa hasira. B, aendelee kulea kidogo. C, aendelee kulea sana. D, aendelee tu. Jopo likarudisha. Swali haliwezi kuwa na majibu manne sahihi, waliandika, huo ni udanganyifu kwa mtahiniwa. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Siku hiyo alizunguka ua mara sitini, na alipofika mbele ya dirisha langu alisimama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeandika Mwongozo.

"Mwanangu anaota meno," alisema. "Umri huo wanaota meno. Wanataka nini hawa?"

Walichotaka kilikuwa katika kifungu cha kumi na tano, ambacho Dakta Nang'andu alikuja kumsomea mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni. Vipotoshi bora havitoki kichwani mwa mtunzi. Hutoka kwa watahiniwa wenyewe. Mtunzi awaulize watu swali bila kuwapa majibu, aandike makosa wanayofanya mara kwa mara, na makosa hayo ndiyo yatumike. Kazi hiyo Lusato aliifanya mashuleni kwa miaka kumi na sita, akikusanya makosa ya watoto kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Alijua Dakta anasema kweli, na nadhani hicho ndicho kilichomwuma.

*

Kwa kuwa hatukuruhusiwa kutoka, tuliwauliza waliokuwepo. Tulianza jikoni, kwa Mama Sikitu, mpishi wa kambi, aliyekuwa akikoroga sufuria la maharage.

"Shikamoo, mama," Lusato alisema.

"Marahaba, mwalimu. Chumvi imezidi?"

"Chumvi iko sawa. Nina swali, na nakuomba ujibu makosa."

"Nijibu makosa, mie? Kwa nini, na jibu nalijua?"

"Jibu lenyewe tunalo, ni kwamba Mtukufu aendelee kulea. Nataka yale mengine, ambayo mtu asiyejiandaa anaweza kuyadhani. Mtukufu Mlezi, baada ya miaka ishirini na sita, afanye nini?"

Mama Sikitu alinitazama mimi. "Na huyu anaandika?"

"Anaandika chini ya kichwa cha habari kinachosema Makosa," nikamjibu, nikamwonyesha. Nilikuwa nimelipigia mstari neno lile kwa rula.

Akasoma, akaridhika. "Kama ni makosa, basi hakuna neno." Akaweka mwiko pembeni. "Akapumzike kwao. Ana shamba lake la parachichi kule milimani, lina magugu. Mzee wa miaka themanini na moja kutwa kucha anafungua madaraja, miguu imevimba. Mie nilikuwa nikimtazama kwenye televisheni, simtazami usoni, natazama ile miguu. Hana hata mtu wa kumwambia baba, kaa chini? Ina maana hawampendi?" Machozi yalimlengalenga, akasema ni moshi. Kambi ilikuwa inapika kwa gesi.

Nikaandika: "Akapumzike kwao."

Getini tulimkuta Koplo Mabula. Yeye hakungoja kuulizwa mara mbili. "Atuambie reli iko wapi," alisema. Reli ile ilikuwa imezinduliwa mara tatu, kwa ngoma, na hakuna aliyewahi kuiona. Koplo alisema ana mke upande wa pili wa nchi, alimwambia aje kwa reli, na mke yule yuko stesheni mwaka wa sita. Kisha akasimama wima akasema kwa sauti ya gwaride kwamba hilo ni kosa na yeye analijua kuwa ni kosa.

Tukauliza wachoma takataka, wafagiaji, dereva wa gari lile la tisa. Ajabu ni jinsi makosa ya watu yalivyofanana. Jioni Lusato aliyapanga mezani, na uso wake, ambao kwa miezi haukuwa na raha, ulianza kung'aa. Alisahau kidogo shida yake. Fundi akipata mbao nzuri hutabasamu hata kama anatengeneza jeneza.

"Yana ladha ya kweli," alisema. "Lakini bado moja. Na wewe, karani?"

Nikamwambia mimi sina makosa. Nina miaka ishirini na mbili kazini na faili safi.

"Kila mtahiniwa ana kosa lake."

Nilitazama mlango. Niliandika Makosa kwa herufi kubwa zaidi juu ya ukurasa mpya, nikapiga mistari miwili, ndipo nikasema. Nilisema asome barua anazoandikiwa. Nilikuwa nimemwandikia kumi na nne, juu ya paa la shule ya kijijini kwetu. Sijui kwa nini nilisema.

Swali likatimia. A, aendelee kulea. B, asome barua anazoandikiwa. C, aeleze reli ilikokwenda. D, akapumzike kwao.

Jopo lilikaa nalo siku tatu. Walihesabu urefu wa kila jibu ili jibu sahihi lisijulikane kwa urefu. Walihakiki kwamba yote yanaanza kwa namna moja. Hatimaye, kwa mujibu wa utaratibu, walilijibu wao wenyewe, kila mzee na karatasi yake, kisha wakazikunja bila kuonyeshana na kuzila. Dakta Nang'andu alimeza, akanywa maji, akapiga mhuri. "Kitaalamu," alisema, "D ina mvuto mkubwa. Hata mimi, kidogo nivutike."

Mheshimiwa Naibu Waziri alisaini bila kusoma zaidi ya A. Hivyo ndivyo viongozi wetu wote walivyosoma maswali ya kuchagua, na ndiyo maana walifaulu.

*

Siku ya kura nchi nzima ilikaa kwenye madawati, umbali wa mita moja na nusu, bila kuangaliana. Redio ya taifa ilisoma maelekezo kuanzia alfajiri: tumia penseli, weka kivuli kwenye herufi moja, usiandike chochote pasipohusika. Ikaongeza kwamba karatasi zote zilizoharibika zitapelekwa kwa mtunzi wa swali, huko aliko, ili achunguze makosa ya watahiniwa, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na sita. Hakuna aliyelitilia maanani tangazo hilo. Au ndivyo tulivyodhani.

Lusato alikuwa amefunga begi lake tangu wiki iliyopita. Alilikalia.

Matokeo yalikuwa haya: C asilimia kumi na tano, B asilimia kumi na moja, D asilimia sabini na moja. A ilipata tatu. Kwa hesabu za Baraza, vipotoshi vyote vilikuwa hai na vyenye afya, na aliyekufa, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, alikuwa jibu sahihi.

Niliposikia kwamba kuna watu laki nane na themanini elfu waliotaka barua zisomwe, nilijifungia stoo nikalia. Ilikuwa furaha, ingawa sikuijua mara moja, kwa kuwa ilifanana sana na woga.

Mheshimiwa Tindwa alihutubia taifa saa saba mchana. "Ndugu wananchi," alisema, "mmefeli." Akaeleza kwamba serikali imehuzunishwa lakini haijakata tamaa. Pendekezo la kwanza la baraza la mawaziri lilikuwa taifa likariri mwaka, na kwa siku nne kalenda zilirudishwa Januari, mpaka wenye mimba walipoandamana. Pendekezo la pili lilikuwa kumwadhibu aliyetunga. Wakaleta faili la swali, wakatafuta kosa, na katika kila ukurasa wakakuta mhuri wa Jopo, saini ya Naibu Waziri na, chini ya Mwongozo, saini ya Mtukufu Mlezi mwenyewe. Haikupatikana sehemu ya kumshika.

Ndipo Dakta Nang'andu, alipoulizwa, akawasomea kifungu cha ishirini na mbili: swali likibainika kuwa na kasoro, hufutwa, na watahiniwa wote hupewa alama kana kwamba walipata. Mawaziri wakakumbatiana. Swali likafutwa. Kila raia akahesabiwa kuwa alichagua A, pamoja na waliokuwa safarini, pamoja na marehemu waliobaki kwenye daftari, na A ikashinda kwa asilimia mia moja na mbili. Mtukufu Mlezi alishukuru kwa imani hiyo kubwa. Alishukuru akiwa ameketi, na Mama Sikitu aliponisikia nikisimulia, aliuliza tu kama miguu ilionekana.

*

Lusato alipewa cheti. Kilikuwa na fremu ya dhahabu na kiliandikwa: Mtunzi Bora wa Makosa wa Taifa. Mheshimiwa alimkabidhi, makofi yakapigwa, kisha akamnong'oneza kwamba kwa kuwa swali limefutwa, mtihani haujafanyika, na kwa kuwa haujafanyika, hawezi kutoka. Litatungwa swali jipya mwakani.

"Mheshimiwa, uliniambia siku ya pili baada ya kura."

"Kura ipi?" Mheshimiwa aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Sijawahi kumwona mtu akikasirika kimya vile. Alikibeba cheti mpaka chumbani, akakiegemeza ukutani, chini ya lile swali la chaki, akalala akiwa na viatu. Kwa siku mbili hakuzunguka ua. Nilikuwa nimezoea kulaani nyayo zake dirishani kwangu, na sasa ukimya wake ulinikosesha kazi. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa zile Jumatatu zote.

Siku ya tatu yaliletwa maboksi ya karatasi zilizoharibika. Zilikuwa elfu mbili na kidogo. Kazi yetu ilikuwa kuzisoma moja moja, mimi nikijaza fomu: mtahiniwa alifanya kosa gani, kwa sababu gani. Wengine waliweka vivuli viwili. Mmoja alichora dafu. Mwingine aliandika insha juu ya bei ya sukari na kusahau kuchagua. Lusato alisikiliza akitazama dari.

Katika boksi la tano nilisoma moja kwa sauti kabla sijaelewa ninasoma nini. Hakukuwa na kivuli penye herufi yoyote. Chini, pale karatasi ilipobaki wazi, palikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yaliyonyooka.

"Kwa mtunzi wa swali. Anaitwa Kabula. Ana meno manne. Anatembea akishika ukuta. Mama yako alikuja akakaa nami miezi mitatu, hakusema neno juu ya miguu."

Lusato aliinuka. Aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili. Alisema jina lile mara moja, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kisha akageuka kuutazama ukuta, pale penye A iliyokatwa mstari, na akalia waziwazi, bila kujifunika uso, mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye cheti.

"Kile nilichosema kimekufa," alisema alipoweza. "Karani, kile kile."

Fomu ilinitaka niandike kosa la mtahiniwa. Na kanuni ilinitaka niipeleke karatasi kwa mkaguzi, maana ilikuwa na jina, na idadi, na kitendo. Niliandika: "Hana kosa." Karatasi nikaisahau mezani kwa Lusato, nikatoka nje kuhesabu matairi ya lile gari la tisa. Faili langu la miaka ishirini na mbili liliharibikia hapo, na sikuona limeniuma.

*

Kesho yake nyayo zilirudi dirishani kwangu. Alizunguka mara ishirini, akaingia ofisini, akaomba karatasi.

Alitunga vipotoshi vipya, sitavitaja, maana swali bado halijafanyika. Lakini aliomba mambo mawili mbele ya Jopo. La kwanza, chini ya karatasi ya kura iachwe nafasi pana zaidi, kwa ajili ya watahiniwa kufanyia hesabu zao. Jopo likaona ni jambo la busara, linalozingatia haki za mtahiniwa. La pili, juu ya karatasi, kabla ya swali lenyewe, uwekwe mfano uliokwisha kujibiwa, ili wananchi waone jinsi ya kuweka kivuli. Safari iliyopita mfano haukuwepo, na huenda ndiyo sababu walifeli.

Dakta Nang'andu alitaka kuuona huo mfano. Mimi ndiye niliyeupiga chapa, kwa hiyo naukumbuka wote:

"Mfano. Kabula ana meno manne na anatembea akishika ukuta. Baba yake yuko mzima, ameisoma habari hiyo, na amefurahi. Akirudi atamshika mkono. Je, Kabula atahitaji tena ukuta? A, ndiyo. B, hapana. C, mara mojamoja. D, swali halina jibu. Jibu sahihi ni B."

Dakta aliusoma mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji kufutwa. Sisi sote tulijua kwamba Lusato Kanyenye hana ruhusa ya kutunga jibu sahihi.

"Unahusu maisha ya kila siku," Dakta alisema mwishowe. "Lugha ni nyepesi. Vipotoshi vinavutia." Akauvuta mhuri. "Upite."

Zikachapishwa nakala milioni nane, zikapelekwa nchi nzima chini ya ulinzi mkali wa jeshi, kila mpiga kura na yake. Moja ilikuwa ya Stamili.